Kabla ya Kupima, Uliza Fungu

Mtu wa Jipe akienda Same kuwekewa nyimbo kwenye memori kadi, kompyuta ya kibandani inaweza kumwonyesha hesabu mbili za faili ileile: ukubwa wake, na nafasi iliyochukua. Ni nadra zilingane. Kadi ya GB 64 yenye mfumo wa faili wa exFAT kwa kawaida hugawa nafasi kwa mafungu ya KB 128, na fungu halimegwi. Barua ya mstari mmoja hulichukua lote. Barua 1,000 za namna hiyo hula MB 125.

Ninaowasifu ni wale wanaoijaribu mifumo ya faili kabla hatujaikabidhi picha za harusi na hesabu za vikoba. Upande wa Linux, chombo chao kikuu ni xfstests, iliyoanzia Silicon Graphics kwa ajili ya mfumo wa XFS. Leo inapima pia ext4, Btrfs na mingineyo.

Kazi yao ni uharibifu wa makusudi. Wanaandika faili, wanatoboa shimo katikati, wanang'oa kipande na kusogeza kilichobaki, kisha wanakagua. Hapo fungu huwaumbua wazembe. Jaribio lililoandikwa kwa kuamini kuwa fungu ni baiti 4,096 hupita miaka na miaka, hadi likutane na ext4 yenye mafungu ya KB 64. Shimo la KB 4 linajazwa sufuri, lakini nafasi hairudi. Ombi la kung'oa kipande linakataliwa, maana halikuanzia kwenye mpaka wa fungu. Mfumo hauna kosa. Mwenye kosa ni jaribio.

Wapare wenye ndiva, yale mabwawa ya kumwagilia mashamba, wangelielewa hili upesi. Maji hukusanywa usiku, mchana hufunguliwa mferejini kwa zamu. Anayekuja na ndoo kuamua nani kapunjwa zamu hajui hata anachopima.

Fundi hodari haridhiki na jibu la diski nzima. Huuliza fungu la faili yenyewe. XFS inaweza kuweka data za baadhi ya faili katika eneo la pekee lenye fungu lake, hata la KB 28, namba inayovunja mazoea ya kupiga mara mbili mbili. Akishaijua huzidisha: shimo la mafungu matatu, faili ya mafungu kumi. Wapo wanaoliruka tu jaribio lisilokubaliana na fungu hilo. Pengine ni haki. Mara nyingi, kwa maoni yangu, ni uvivu.

Kisha majaribio yote huanzishwa upya: kwa KB 1, KB 4, KB 64, na ile 28.