"Kaka, namba saba wanataka tujibu nini?"

Kama umepita chuo chochote cha afya, dodoso la mitazamo unalijua. Kurasa nne au tano, sentensi zimepangwa, na pembeni visanduku: nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Unaweka tiki, unarudisha, unaendelea na maisha yako. Baadaye mtu anajumlisha tiki zenu na kuandika kwamba wanafunzi wa uuguzi wana "mtazamo chanya" kuhusu kuwahudumia watu wanaoishi na VVU.

Mimi nimewahi kuwa huyo mtu. Ilikuwa chuo kimoja ambacho sitakitaja, darasa la mwaka wa pili, mwalimu wao kakaa mbele anasahihisha mitihani. Tukawaambia hakuna kuandika jina, jibuni mnavyoona. Dada mmoja wa mstari wa nyuma akaniita kwa mkono, akaninong'oneza: "Kaka, namba saba wanataka tujibu nini?"

Namba saba ilikuwa inauliza kama yuko tayari kumwogesha mgonjwa mwenye VVU kitandani. Nikamwambia ajibu anavyoona. Akaniangalia kama nimemnyima kitu, kisha akaweka tiki kwenye "nakubali sana". Tiki hiyo imo kwenye data zangu mpaka leo.

Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Mwalimu yuko mbele. Maadili ya kazi yanasema usibague mgonjwa. Sheria ya UKIMWI ya Tanzania ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa, na inawataja wahudumu wa afya waziwazi. Halafu unaletewa karatasi inayokuuliza, kwa lugha ya upole, kama wewe ni mbaguzi. Utajibu nini?

Kwamba maneno ya mtu na matendo yake ni vitu viwili si habari mpya. Miaka ya 1930 mwanasosholojia Richard LaPiere alizunguka Marekani pamoja na mke na mume vijana wa Kichina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa kali. Walifika kwenye hoteli na migahawa 251, wakakataliwa sehemu moja tu. Baadaye akawaandikia barua wenye sehemu hizo kuuliza kama wangempokea Mchina. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hapana. Kwetu mambo yamegeuka: karatasini wote tunapokea, wodini ndiko kuna maneno. Ila somo la kipimo ni lile lile, na limekuwepo tangu 1934.

Tatizo la pili linaniuma zaidi, kwa sababu ni la lugha yetu. Moja ya vipimo vinavyotumika sana kwa manesi kilitengenezwa Marekani na Froman na Owen pamoja na mwenzao, kikachapishwa 1992. Kina sehemu mbili: moja inapima tabia ya kumkwepa mgonjwa, nyingine inapima uwezo wa kujiweka kwenye nafasi yake. Sisi tulipotafsiri, hiyo ya pili tuliiita "huruma". Sasa huruma kwa Kiswahili ni nini? Tunamwonea huruma ombaomba. Tunamwonea huruma mtu aliyeanguka. Mara nyingi anayeona huruma yuko juu na anayeonewa yuko chini. Mwanafunzi anaweza kuamini kabisa kwamba huyu bibi kayataka mwenyewe, akamwonea huruma sana tu, na dodoso likampa alama za juu. Muulize mtu yeyote anayekwenda kuchukua ARV kila mara kama kinachomkera ni kukosa huruma. Wengi watakwambia imezidi. Wanachotaka ni kuitwa jina lao bila sauti kushushwa.

Halafu kuna hofu. Madodoso mengi yanaichanganya na dharau, yaani mtu akisema anaogopa kumchoma sindano mgonjwa mwenye VVU, anahesabiwa "mtazamo hasi", amewekwa kapu moja na anayesema ni adhabu ya Mungu. Si haki. Hofu ya sindano ina msingi, tena inapimika. Ukijichoma na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama asilimia 0.3, yaani takriban mara 3 katika kila 1,000. Kwa homa ya ini B, kama hujachanjwa, ni kati ya asilimia 6 na 30. Soma tena hizo namba taratibu. Kirusi ambacho wanafunzi hawaulizwi kabisa ndicho kinachoambukiza kwa urahisi zaidi, na ndicho chenye chanjo.

Hapo ndipo ule mtindo wa kuvaa glavu mbili kwa mgonjwa anayejulikana, na moja kwa wengine wote, unapokosa maana. Anayejulikana mara nyingi yuko kwenye dawa. Utafiti wa PARTNER wa mwaka 2016 ulifuatilia jozi 888 za wapenzi ambao mmoja wao ana VVU vilivyofubazwa na dawa. Walifanya ngono bila kondomu takriban mara 58,000, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. (Hiyo ni ngono, si sindano, najua. Lakini inakuonyesha dawa zinafanya nini mwilini.) Wa kuhofia zaidi ni yule wa kitanda cha pili ambaye hajapimwa, na yeye ulimvalia glavu moja. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 kanuni ni kujikinga kwa namna moja kwa kila mgonjwa.

Ripoti zetu nyingi huishia na "elimu iongezwe". Yule dada elimu alikuwa nayo. Njia za maambukizi angekutajia usingizini. Alichokosa hatukukiuliza.

Wapo waliouliza vizuri zaidi. Mwaka 2013 Nyblade na wenzake walichapisha dodoso fupi la unyanyapaa kwenye vituo vya afya, lililojaribiwa katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Linauliza pia umewaona wenzako wakifanya nini. Linauliza kuhusu glavu mbili. Linauliza kama vifaa vya kujikinga vipo. Mtu husema ukweli kirahisi zaidi akiwa anamsema jirani. Bado si sawa na kusimama wodini na kuhesabu, lakini afadhali.

Na wewe unayekwenda fildi mwezi ujao: uliza chanjo ya homa ya ini B kabla hujaanza, ni dozi tatu, kwa hiyo usingoje wiki ya mwisho. Uliza boksi la kutupia sindano liko wapi. Ukijichoma, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa siku hiyo hiyo. Dawa za kinga zianze mapema iwezekanavyo, zisivuke saa 72, na unazimeza siku 28. Dodoso letu halikuwa na swali hata moja kati ya haya. Kuhusu huruma yalikuwa manne.