Vuta N'kuvute: Mapenzi Yenye Gharama

Ndugu msomaji, ukitaja picha ya mapenzi ya Kibongo kijiweni hapa Songea, nusu ya vijana wenye ndoto za uandishi watakucheka. Wanajua kitakachofuata: msichana atalia, mvulana atatoa hotuba, mama mkwe atatia fitina, halafu tutaambiwa tusubiri sehemu ya pili. Ndiyo maana Vuta N'kuvute, picha aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021, inamkamata mtu akiwa hajajiandaa. Mimi, bwana, ilinikamata vilivyo.

Kisa ni cha Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi wa hapohapo Zanzibar, anaozwa kwa mzee asiyempenda. Usiku mmoja anakutana na Denge, kijana mpigania uhuru. Basi, moto unawaka. Waliosoma riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyotoka mwaka 1999, wanawafahamu wote wawili.

Picha hii ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Lakini sifa za ughaibuni hazimfanyi mtu apendezwe. Kilichonipendeza mimi ni jinsi wapenzi hawa wasivyo na papara. Ikhlas Gafur Vora, aliye Yasmin, na Gudrun Columbus Mwanyika, aliye Denge, wanatazamana tu, nawe unasahau kutafuna karanga zako. Mapenzi yao yamo machoni, kwenye kimya na kwenye vichochoro vya usiku.

Kwa nini yanatuingia? Kwa sababu yana gharama. Yasmin akimpenda Denge anapoteza ukoo wake na heshima aliyolelewa kuilinda. Denge naye anawindwa na serikali. Kila wanapokutana tunaogopa kwa niaba yao. Pembeni yupo Mwajuma, anayechezwa na Siti Amina, mwimbaji kweli hata nje ya picha. Bila urafiki wake, Yasmin asingekuwa na pa kushika.

Kasoro ipo. Riwaya inatupa nafasi ya kuielewa siasa ya Denge. Kwenye picha, mapambano mara nyingine yanakuwa kama pazia zuri nyuma ya wapenzi. Anayetaka kujua hasa kijana huyu anapigania nini, arudi kitabuni.

Hata hivyo, sisi wa Songea tuna somo hapa. Jamani, tumeandika mashairi na michezo mingapi juu ya mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa tarehe 27 Februari 1906? Mikuki imo, maji ya dawa yamo, hotuba ndiyo usiseme. Ila nani kati yetu amemwandika msichana aliyekuwa akimsubiri mmoja wao? Tunaona mapenzi ni mambo madogo, yataishushia historia hadhi. Shivji ametuonyesha kinyume chake: ukimjua mtu anampenda nani, ndipo unapojua utawala ulimnyang'anya nini.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, itafute picha hii uitazame. Kisha fungua daftari lako. Ukikuta wapenzi wako wanaapizana kurasa tatu nzima na hakuna anayepoteza hata shilingi, chukua kalamu ufute, uanze upya.