Rafiki wa Steringi

Katika mabanda ya video ya Kahama nilikokulia kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza aliijua: steringi hafi, anayekufa ni rafiki yake. Tulipomwona tu yule kijana mcheshi akimwahidi mama yake kwamba atarudi, mtu wa benchi la nyuma alisema kwa sauti, "Huyo keshakwisha." Kweli, mkanda haujafika nusu alikuwa amelala mikononi mwa steringi akitoa maneno yake ya mwisho. Nimewalilia marafiki wa steringi wengi. Steringi mwenyewe sikuwahi kumlilia.

Aliyenifuta machozi ni mchoraji. Siku moja binamu yangu alirudi kutoka Mwanza na kitabu cha katuni cha Batman, jalada limechanika, kimeandikwa Kiingereza. Kiingereza chetu kiliishia kwenye kumwamkia mwalimu. Tukakisoma kwa picha, na tukakielewa, kwa sababu ndani yake walikuwamo watu wawili. Mmoja akivunja mlango, mwingine yuko dirishani. Huyu akishtuka, unatazama uso wa yule ujue hatari ni ya kiasi gani. Kurasa ziliisha, na rafiki wa steringi alikuwa bado mzima.

Huo ni ufundi. Batman alitoka mwaka 1939, kazi ya Bob Kane na Bill Finger, na kwa karibu mwaka mzima alitembea usiku peke yake. Finger, aliyekuwa akitunga visa, akakwama: mtu aliye peke yake hana wa kumwambia anachowaza. Riwaya inaweza kuingia kichwani mwa mhusika ikakaa humo kurasa tatu. Katuni ina kisanduku kimoja tu, na kisanduku kinataka mtu aseme, mtu ajibu. Mwaka 1940, katika toleo la 38 la Detective Comics, shujaa akapewa mtoto wa kufuatana naye, Robin. Itazame picha ya jalada lile ukiipata. Batman ameshika duara la karatasi kama la wanasarakasi, na Robin analipasua akiturukia sisi wasomaji, anacheka. Batman naye anacheka, yule mtu wa giza! Mtoto amevaa nyekundu, kijani na njano, kwa hiyo jicho linampata yeye kwanza. Kisha, kwa ajili yake, linamwona mkubwa aliyesimama nyuma.

Wazazi wa Robin walikuwa wanasarakasi. Majambazi waliharibu kamba za bembea zao kwa tindikali, zikakatika mbele ya watazamaji. Urafiki wote ule ulianzia kwenye kamba.

Geita nako kuna maduara, lakini duara la Geita ni shimo la dhahabu, na kamba ndiyo uhai. Nikiwa kidato cha pili mjomba alinichukua likizo hadi Nyarugusu. Winchi yao ilikuwa gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili, lina mikono ya chuma huku na huku, limelika katikati kwa msuguano. Mjomba alipachika mguu kwenye kitanzi, akawasha tochi ya kichwani, kisha akamtazama mwenzake wa juu. Shimo hakulitazama. Hawakuambiana neno. Yule wa juu alitema mate viganjani, akaanza kuachia kamba taratibu huku midomo ikihesabu. Mchana kutwa hakubanduka pale. Hata alipozungumza nasi, sikio lake moja alikuwa ameliinamisha upande wa shimo. Jioni viroba vya mawe vilipopanda, na mjomba nyuma yavyo, watu walimzunguka mjomba wakimpongeza. Mtu wa winchi alikuwa pembeni anakunja kamba.

Historia ya ukanda wetu nayo imemwacha mtu kama huyo pembeni hivyohivyo. Mwaka uleule wa 1940, John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, Shinyanga, na jina lake liko kwenye kampuni ya mgodi ule hadi leo. Je, ni wangapi Shinyanga wanaomtaja I. C. Chopra, mwanasheria wa Mwanza aliyekuwa mshirika wake mwenye hisa? Katuni hainyamazi namna hiyo. Mchoraji akishamweka rafiki kando ya shujaa, lazima amchore tena katika kisanduku kinachofuata, ampe mikono, viatu na kivuli. Mtu uliyemchora mara arobaini huwezi kumsahau.

Bibi zetu walijua bila karatasi kwamba shujaa anahitaji wa kumjibu. Katika hadithi ya Kisukuma ya Masala Kulangwa, zimwi Shing'weng'we limemeza watu wote, amebaki mwanamke mmoja na mtoto wake. Mtoto anakwenda kuliwinda asilolijua. Nilivyosimuliwa mimi, analeta panzi: Mayu, ndiye huyu? Siye, mwanangu. Analeta ndege, analeta paa, na kila mara mama anamjibu. Siku zimwi linapouawa na watu kutoka tumboni, msikilizaji ameshasikia sauti mbili muda wote. Bila yule mama, hadithi nzima ingekuwa mtoto anayeua wadudu.

Wako waliotaka kuirudisha sheria ya banda la video. Mwaka 1988 wasomaji walipiga kura kwa simu kuamua kama Robin wa pili, Jason Todd, afe au apone. Afe, kura 5,343, apone, 5,271. Kura 72 zikamwua mtoto. Waliofanya hivyo walikosea, na sitabadili kauli.

Kwetu Tanzania hatukuchora watu wanaoruka angani. Tulikuwa na jarida la Sani, na akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Pimbi, watu wa mjini wenye shida za mjini. Kinyozi wetu alikuwa na nakala zilizolegea pini, na hazikusomwa kimya: mmoja alichukua sauti ya Lodi Lofa, mwingine akamjibu, na mteja akasubiri na povu kichwani. Hata nyuma ya kalamu, kwao na kwetu, walikuwa wawili. Superman wa mwaka 1938 alitoka kwa marafiki wawili wa Cleveland, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Sani ilianzishwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na jina lake ni Sa ya Saidi na Ni ya Nico.

Basi wewe kijana wa Geita au Kahama unayechora nyuma ya daftari, siku utakapomchora mchimbaji, usiikate picha kwenye mdomo wa shimo. Panda nayo hadi juu, umchore na mtu wa winchi.