Kuisaka Pembe Jedwalini

Pembetatu ya 3, 4, 5 mafundi uashi wanaijua: hupima futi 3 upande huu, 4 upande ule, na mshazari ukisoma 5, kona ya msingi imekaa mraba. Swali analoandika mwalimu ubaoni linaanzia hapo. Kona ya mraba tunayo. Je, pembe inayokabili upande wa 3 ina nyuzi ngapi?

Anachora kwanza, bila haraka, na kuitia alama pembe anayoitafuta. Upande unaoikabili ni 3, wa jirani ni 4, kwa hiyo uwiano unaohusika ni tanjenti. Anagawanya: 0.7500. Sifuri mbili za mwisho haziachi, kwa kuwa kitabu chake cha majedwali ni cha tarakimu nne.

Jedwali lilipangwa ili mtu aingie na pembe atoke na uwiano. Yeye anaingilia mlango wa nyuma. Analaza rula chini ya mstari wa nyuzi 37, unaoanza na 0.7536. Umepita. Anapanda hadi 36, unaoanza na 0.7265, kisha anakwenda kulia safu kwa safu, dakika 6 kila hatua: 0.7454, 0.7481, 0.7508. Hapo ndipo napenda kumtazama. Jicho linavutwa na 0.7508, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na 0.7500. Anaiacha. Anachukua 0.7481, ya dakika 48, kwa sababu tofauti za tanjenti huongezwa, na huwezi kuongeza juu ya kilichokwisha kuzidi.

Anatoa: zimebaki 19. Rula haijasogea. Mwisho wa mstari uleule, upande wa kulia, zimo tofauti za dakika 1 hadi 5: 5, 9, 14, 18, 23. 19 haimo. Ya karibu ni 18, chini ya dakika 4. Arobaini na nane na nne: nyuzi 36 na dakika 52.

Wengi wangefunga kitabu. Yeye anafungua ukurasa wa sini, na uwiano wa 3 kwa 5, yaani 0.6000. Anapata 0.5990 kwenye dakika 48, zinabaki 10, ya karibu ni 9, dakika 4. Kisha kosini, 0.8000. Hapa mkono unageuka, kwa kuwa kosini hupungua pembe inapokua: anachukua 0.8007, iliyo kubwa, na tofauti ya 7 anaikuta ilivyo chini ya dakika 4. Njia tatu, 36 na 52 zote. Kikokotoo kingelitoa jibu hilo mara moja, lakini kisingeonyesha namba zinazolizunguka.

Mbele ya jibu anaandika “takriban”. Neno hilo analidai kila mara, na anastahili kulidai: 18 si 19, na pembe halisi inapita dakika 52 kwa sekunde 12 hivi, ambazo tarakimu nne hazizifikii. Mwanahisabati Georg Joachim Rheticus alizitaka. Majedwali yake yalikwenda kwa kila sekunde 10, yakiwa na tarakimu kumi. Alifariki mwaka 1574 kazi haijaisha. Mwanafunzi wake, Valentin Otho, akaikamilisha na kuichapisha mwaka 1596. Humo pembe hii inaangukia kati ya sekunde 10 na 20, na hata hapo msomaji bado ana tofauti ya kutoa.