Injini haisomi hali ya hewa: uhakiki wa ushauri wa "huku kuna joto, weka oili nzito"

Ukitoka Kondoa kwenda Babati unapita Kolo. Wageni wengi wanaijua Kolo kwa michoro ya miambani, ambayo iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Madereva wanaijua kama kituo kwenye barabara kuu ya Dodoma–Babati. Tangu lami ya barabara hiyo ikamilike mwaka 2018, utakutana humo na IST, Noah, Probox na Harrier nyingi zilizoletwa kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Na katika gereji na maduka ya vipuri ya huku, ukiuliza gari liwekewe oili gani, jibu unalolisikia sana ni moja: "Huku kwetu kuna joto, weka nzito." Maana yake 20W-50, au ile ya namba moja tu, SAE 40.

Makala hii inauhakiki ushauri huo. Lengo sio kuwacheka mafundi, kwa sababu ushauri wenyewe una historia na una chembe ya ukweli. Lakini kwa familia inayoishi kwa Noah moja ya kubeba abiria na magunia ya alizeti, injini ndiyo mtaji wote. Ushauri unaogusa mtaji wa mtu lazima uweze kujibu maswali.

Neno "uzito" linatupoteza

Tatizo la kwanza liko kwenye lugha. Tunasema oili "nzito" na "nyepesi", na katika maisha ya kawaida kitu kizito ni imara, chepesi ni dhaifu. Nani anataka kitu dhaifu kwenye injini?

Ila ukipima kwenye mizani, lita moja ya 0W-20 ina uzito wa gramu 850 hivi, na lita moja ya 20W-50 gramu 880 hivi. Ni karibu sawa. Kinachotofautiana ni mnato, yaani jinsi oili inavyokataa kutiririka. Chukua asali. Asubuhi ya baridi ya Julai inagoma kutoka kwenye chupa. Ikikaa juani mchana inamiminika. Uzito wake haujabadilika, mnato umebadilika. Mnato mkubwa sio nguvu na mnato mdogo sio udhaifu. Ni tabia tu, na inafaa au haifai kulingana na mahali oili inapopita.

Namba mbili, na herufi inayopuuzwa

Namba za kwenye dumu zinatoka kwenye mfumo wa SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, ambao ulianza mwaka 1911. Namba ya mwisho inaeleza mnato injini ikiwa imepata moto, kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kipimo ni sentistoki: daraja la 20 ni kuanzia 6.9 hadi chini ya 9.3, la 30 ni kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5, la 40 linaishia chini ya 16.3, la 50 linaanzia hapo hadi chini ya 21.9.

Namba yenye W inaeleza tabia ya oili kwenye baridi. Hiyo W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi, sio "weight" kama wengi wanavyodhani. Oili ya 5W inapimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Hapo ndipo watu husema: "Kolo haigandi barafu, hiyo W haituhusu."

Inatuhusu. Tuziangalie oili zenyewe kwenye nyuzi 40, joto ambalo liko juu hata ya mchana wetu mkali. 20W-50 ya kawaida ina mnato wa sentistoki 160 hivi, 5W-30 ina 60 hivi, na 0W-20 ina 45 hivi. Sasa fikiria asubuhi ya Juni au Julai, nyuzi 13 au 14, gari limelala nje. Tofauti hiyo inapanuka zaidi.

Ukizipanga namba hizo utaona jambo ambalo kwa maoni yangu linabomoa nusu ya ubishi huu. Ile 0W-20 inayoitwa "maji", ikiwa kwenye nyuzi 40 tu, ina mnato mkubwa zaidi ya mara mbili ya 20W-50 iliyopata moto, ambayo iko kwenye sentistoki 18 hivi. Kwa maneno mengine, injini inapowashwa asubuhi, kila oili duniani ni nzito kupita kiasi. Hakuna iliyo nyepesi mno. Swali ni ipi itafika haraka juu kwenye kemshafti kabla vyuma havijasuguana vikavu.

Joto la nje na joto la ndani

Tuje kwenye kiini cha ushauri: "huku kuna joto." Injini inayopozwa kwa maji ina themostati. Kwenye magari mengi ya Toyota inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo inayazuia yasiende kwenye rejeta. Kazi yake ni kuhakikisha injini inafanya kazi kwenye joto lilelile, iwe Kolo au Hokkaido. Oili kwenye safari ya kawaida inacheza kati ya nyuzi 90 na 110. Hewa ya nje ikipanda kutoka nyuzi 18 hadi 31, oili inaongezeka joto kidogo tu, kwa sababu rejeta na feni zinafanya kazi yao. Na kama gari linachemsha, tatizo liko kwenye mfumo wa kupoza. Hakuna oili itakayoliponya.

Halafu hii hoja ya joto letu ina udhaifu mwingine. Dodoma mwezi wa Novemba, ambao ni wa joto sana, mchana hufika wastani wa nyuzi 31 hivi. Tokyo mwezi wa Agosti ni vivyo hivyo, na siku za kuvuka nyuzi 35 sio chache. Mji wa Kumagaya, kaskazini magharibi ya Tokyo, ulipimwa nyuzi 41.1 Julai 2018. IST yako ilikuwa inakaa kwenye foleni za huko, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na oili nyepesi ndani. Imekuja kupumzika kwenye uwanda wa juu wenye upepo, halafu tunaionea huruma kwa joto.

Chati ya zamani

Wanaotetea oili nzito wana ushahidi mmoja unaostahili heshima: ile chati ya mistari inayoonyesha daraja la oili na joto la nje. Vitabu vingi vya magari vya miaka ya 1980 na 1990 vilikuwa nayo. Mstari wa 5W-30 mara nyingi uliishia karibu na nyuzi 10, na wa 20W-50 ukaendelea hadi mwisho wa ukurasa. Mtu wa Kondoa akiisoma, anahitimisha kwamba 5W-30 sio yake.

Chati ile haikudanganya, ila ilikuwa ya wakati wake. Oili ya 5W-30 ya enzi hizo ilitengenezwa kwa mafuta mepesi ya madini yaliyoongezewa molekuli ndefu za polima ili yasilegee yakipata moto. Molekuli hizo zilikuwa zinakatikakatika ndani ya injini, na baada ya muda oili inabaki nyepesi kuliko dumu linavyosema. Mafuta ya msingi ya leo yamesafishwa zaidi au ni ya kutengenezwa kiwandani, na yanahitaji polima kidogo. Chati imebaki ileile kwenye vichwa vyetu, oili imebadilika.

Na kuna chombo kimoja ambacho ushauri wa joto unakifaa kweli: pikipiki. Bodaboda nyingi zinapozwa kwa hewa, hazina maji wala themostati, kwa hiyo joto la injini linafuata jua na mzigo. Tena oili hiyohiyo inaogesha klachi, ndiyo maana inatakiwa yenye alama ya JASO MA. Kilicho sahihi kwa bodaboda kimehamishiwa kwenye IST bila kuulizwa.

Oili imepewa kazi mpya

Kwenye Land Rover za zamani zilizopita njia hii, oili ilikuwa na kazi ya kulainisha, kupoza na kusafisha. Kwenye injini yenye VVT-i, kama 1NZ-FE ya IST, imeongezewa kazi: presha ya oili ndiyo inayoizungusha kemshafti mbele au nyuma ili valvu zifunguke kwa wakati unaofaa. Kompyuta inatoa amri, valvu ndogo inafungua njia, oili inapita kwenye kichujio chembamba na vijia vyembamba. Oili ikiwa nzito kuliko ilivyokusudiwa, amri inachelewa kutekelezwa, hasa injini ikiwa bado baridi. Wakati mwingine taa ya injini inawaka, na sensa nzima inabadilishwa bila kosa.

Hapa pia kuna mtego wa presha. Ukiweka 20W-50, presha kwenye geji inapanda, na watu wanafurahi. Lakini presha sio mtiririko. Pampu ikishindwa kuisukuma oili nzito kwenye nafasi za beringi, ambazo ni ndogo kuliko unene wa unywele, valvu ya usalama inafunguka na sehemu ya oili inarudishwa chini bila kufika juu. Geji inasoma vizuri huku kemshafti inasubiri.

Wapenzi wa 0W-20 nao wasishangilie

Kuna kundi la pili, hasa mijini, linaloamini kwamba oili ikiwa nyepesi zaidi ndiyo ya kisasa zaidi. Nalo lihakikiwe.

Watengenezaji hawakwenda kwenye 0W-20, na sasa Japani hata 0W-8, kwa ajili ya uhai wa injini peke yake. Wanabanwa na sheria za matumizi ya mafuta, na oili nyepesi inaokoa asilimia moja hadi tatu hivi. Ndiyo maana injini ileile, kitabu cha Marekani kinaweza kutaja 0W-20 tu, wakati kitabu cha soko lingine kinaruhusu 5W-30, 10W-30, hata 15W-40. Vitabu vya Toyota vyenyewe hueleza kwamba gari linaloendeshwa kwa mwendo mkali au mzigo mkubwa linaweza kufaidika na oili yenye mnato zaidi.

Mzigo ndilo neno ambalo ushauri wetu wa mtaani ulipaswa kulitumia badala ya joto. Noah iliyojaa watu na magunia, inapanda milima ya kuelekea Bereko kwa gia ndogo, inazipa beringi kazi ambayo gari la ofisini Tokyo halikuijua. Hapo kinachohesabika ni unene wa utando wa oili kwenye nyuzi 150 chini ya msuguano mkali. Kiwango cha chini cha SAE kwa daraja la 20 ni 2.6, kwa daraja la 30 ni 2.9, na kwa 5W-40 ni 3.5, kwa kipimo cha milipaskali-sekunde. Kutoka 0W-20 kwenda 5W-30 kwenye gari la namna hiyo ni uamuzi wenye akili. Kurukia 20W-50 ni kuvuka mto ambao haukuwepo.

Vilevile Hiace yenye injini ya 5L ya dizeli sio IST. Ina masizi, haina VVT-i, na 15W-40 ya dizeli ndiyo ya kwake. Kuiwekea 0W-20 ya petroli eti ni "full" ni kosa lilelile likiwa limevaa suti.

Na gari linalokula oili? Kweli, nzito inapunguza moshi kidogo. Lakini ringi zilizokwama au mipira ya valvu iliyochoka haiponi kwa hilo. Ni panadol kwa mwenye malaria: homa inashuka, mdudu yumo.

Basi tuweke nini?

Anza na mfuniko wa oili wa injini yako au kitabu chake. Kama kitabu ni cha Kijapani, namba za madaraja zinasomeka bila kujua lugha. Ndani ya madaraja yanayoruhusiwa, gari la safari nyepesi lichukue la chini, gari la mzigo lichukue la juu. Kwa magari mengi ya petroli ya Kijapani ya kuanzia miaka ya 2000 tunayoyaona huku, 5W-30 inaangukia humo bila ubishi. Angalia pia daraja la ubora la API, kwa mfano SN au SP, na alama ya TBS, maana namba sahihi kwenye dumu la bandia haina maana.

Halafu pima oili kwa kijiti chake kila wiki, na usisogeze siku ya kumwaga. Ukiiacha lami ya Kolo na kushika njia ya Pahi, vumbi jekundu linaingia kwenye kichujio cha hewa, na likipita hapo linakuwa msasa ndani ya oili. Msasa huo haujali kama ni 20 au 50.

Fundi akikwambia "weka nzito", usigombane naye. Muulize swali moja: nzito kwa ajili ya nini? Akijibu "mzigo", msikilize, mfungue kitabu pamoja. Akijibu "joto", mwonyeshe themostati.