Tukosoane bila kubezana: adabu ya wapenzi wa Kiswahili mitandaoni

Anayetaka kuijua hali ya Kiswahili katika miji ya Kitale na Bungoma asiishie madarasani na maofisini. Aifungue simu pia. Huko ndiko walimu, makarani, mafundi, wanafunzi wa vyuo na wazee waliostaafu wanakokutana, katika makundi ya WhatsApp na Facebook, kutunga mashairi, kutegana vitendawili na kubishania msamiati hadi usiku wa manane. Hakuna anayewalipa. Ni uraibu tu, na uraibu huo umekifaa Kiswahili pakubwa. Hata hivyo, makundi haya yanaugua maradhi mawili ambayo kwa mbali yanaonekana kupingana: kebehi na sifa za bure.

Kebehi tunaijua sote. Mtu anaweka shairi lake la kwanza kundini. Kabla halijasomwa hadi ubeti wa pili, mmoja anamwambia, "Rudi darasa la nne!" Mwingine anauliza, "Ati hiki nacho ni Kiswahili?" Wa tatu hasemi neno, anabandika emoji tano za kucheka hadi machozi. Mtunzi anaomba radhi, anafuta alichoandika, na huo ndio mwisho wake. Jina linabaki kwenye orodha ya wanachama ila mwenyewe hasikiki tena.

Sifa za bure nazo zinavaa joho la heshima. Shairi limepinda mizani, vina vimechanganyika, ujumbe hauonekani. Majibu? "Kongole malenga!" "Shaha wetu!" "Gwiji, umetisha!" Zamani mtu alifika kuitwa malenga baada ya miaka ya kutunga na kupimwa na watunzi wenzake. Siku hizi beti mbili zinatosha. Huyu aliyesifiwa naye hajaheshimiwa. Amepewa cheo badala ya kusomwa.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe, maana mara nyingi lugha hujua tusichokijua. Neno adabu tulilipata kutoka Kiarabu, na huko adab hubeba maana mbili: mwenendo mwema na fasihi. Kwamba neno moja lilitosha kwa tabia njema na kwa sanaa ya maneno si jambo dogo kwa mtu anayejiita mpenzi wa fasihi. Nalo kosoa, ukilitazama umbo lake, liko karibu na kosa jinsi fungua lilivyo karibu na funga. Wanaisimu huiita hiyo kauli ya kutendua. Kukosoa basi ni kulitendua kosa. Wengi mitandaoni wanamtendua mkosaji na kosa wanaliacha pale pale.

Katika eneo hili la magharibi, kebehi hupenda kukaa juu ya lafudhi. Mbukusu akituma ujumbe wa sauti akasema "kari" kwa gari, "tawa" kwa dawa au "pasi" kwa basi, kundi zima linaangua kicheko. Wapo wanaomwandikia kwa kumuiga kwa wiki nzima. Laiti wangejua kinachotokea! Katika Lubukusu, vipasuo ghuna b, d na g hujitokeza baada ya nazali. Ndiyo maana msemaji yuleyule atatamka mboga, ndugu na ngazi bila tatizo, kisha dawa ikamshinda. Hajazembea. Anafuata kanuni ya lugha yake ya kwanza kwa uaminifu ambao hata hautambui. Anayejiita mtaalamu wa Kiswahili akaicheka kanuni ya fonolojia ametangaza tu kwamba haifahamu.

Tena hakuna kati yetu mwenye hatimiliki ya usanifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua lahaja ya kusanifishwa, ulichagua Kiunguja. Kimvita, lahaja ya mji uleule uliokuwa mwenyeji, kiliachwa, licha ya ushairi wake wa karne na karne. Mmvita asemaye "nti" kwa nchi naye yuko nje ya usanifu, lakini ni nadra kumwona akichekwa. Mbona basi Mbukusu, Msabaoti au Mturkana wa Kitale achekwe? Hapo suala si sarufi. Ni nani tumezoea kumwona kuwa mwenye lugha na nani tunamwona kuwa mgeni.

Ikumbukwe pia kwamba ardhi hii imetoa kalamu. Marehemu Ken Walibora, aliyeaga dunia Aprili 2020, alikuwa na asili ya Bungoma na alilelewa Trans Nzoia. Katika riwaya yake Siku Njema ya mwaka 1996, mhusika mkuu Msanifu Kombo anafunga safari kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Tanga kwenda Kitale: ukipenda, soma humo safari ya Kiswahili chenyewe kutoka pwani kuja bara. Je, ni kijana gani wa Kiminini au Webuye aliyenyamazishwa juzi na emoji tano za kicheko, na angetuandikia nini?

Baadhi ya ndugu zetu hujitetea kwamba walikuwa wakitania tu. Utani ni taasisi ya heshima katika jamii zetu, siukatai. Miongoni mwa Wabukusu, waliopashwa tohara msimu mmoja, ambao huwa mwezi wa Agosti kila mwaka wa shufwa kama 2022 na 2024, huitana bakoki. Bakoki wana ruhusa ya kutupiana maneno ambayo mtu mwingine akiyatamka atakuwa ametukana. Ruhusa hiyo ina msingi: wanajuana, wamepitia kisu kimoja, na wanaowasikiliza wanajua hivyo.

Kundi la mtandaoni limevunja misingi hiyo yote kwa pamoja. Bakoki wawili wakitaniana, mamia ya watu wanasoma, na wengi hawajui kama ule ni utani au ugomvi. Halafu wa tatu, asiye na ruhusa yoyote, anadakia. Umri nao umefichika. Picha ya wasifu ni ua la waridi, namba haina jina. Barobaro wa miaka kumi na tisa anamwambia mwalimu mkuu mstaafu, "Wewe kijana, soma kwanza." Mtu na mama mkwe wake, ambao kwa mila za Kibukusu wanaepukana hata njiani, wanaweza kujikuta wakibishana kuhusu ngeli ya neno "makala" bila kutambuana. Heshima zetu za jadi zilitegemea kumwona mtu, kumjua ni wa nani na wa rika gani. Tusipoyaona hayo, tunahitaji heshima isiyongoja kuyaona: heshima anayostahili mtu yeyote kabla hatujamjua.

Kuna atakayesema kwamba adabu nyingi huua ukweli. Kwamba tukianza kubembelezana, Kiswahili kitaoza. Hoja hii ina uzito na inastahili jibu. Historia ya lugha yetu inaonyesha kwamba ubishi mkali na adabu vimewahi kuishi nyumba moja.

Tuanze na kujibizana kwa washairi wa pwani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati miji yao ikiwa na uhasama wa vita, si mchezo. Utaratibu wa kujibizana ulikuwa na sharti gumu: anayejibu hulipokea umbo la mwenzake, bahari na vina, kisha humpiga kwa hilohilo. Sharti hilo lilimlazimu asome kwanza. Huwezi kujibu kwa vina vya mtu ambaye hukumsoma. Linganisha na anayejibu shairi la beti kumi na mbili ndani ya sekunde nane.

Njoo miaka ya 1970. Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi walipotoa Mashairi ya Kisasa mwaka 1973, na Euphrase Kezilahabi akafuata na Kichomi mwaka 1974, ushairi usiofuata vina na mizani uliwasha moto. Wanamapokeo walisema hayo si mashairi hata kidogo, na hawakukosa maneno makali. Lakini kila upande ulilazimika kueleza shairi ni nini, kutaja mifano, kuandika vitabu na makala. Leo mwanafunzi wa shule ya upili anasoma shairi la arudhi na shairi huru katika somo moja. Ubishi ule ulituongezea ushairi. Tujiulize ubishi wetu wa juzi kuhusu "masaa" na "saa" umetuongezea nini.

Na tusiende mbali, tubaki Bungoma. Kumuse ni hotuba ya wazi inayotolewa baada ya maziko ya mzee wa Kibukusu. Msemaji wa kumuse, kama alivyokuwa Manguliechi aliyevuma mno katika kazi hiyo, hasemi maneno laini. Hukumbusha historia ya ukoo, huonya, hugusa donda la familia hadharani. Waombolezaji hutulia, na hakuna anayemkatiza. Watu huyapokea makali hayo kwa sababu msemaji ana wajibu anaoutambua, amejiandaa, anasimama kwa jina lake na uso wake, na lengo ni watu warudi nyumbani wakiwa wamepatana. Makali ya mtandaoni mara nyingi hayana hata moja kati ya hayo manne.

Kwa hiyo adabu ninayoitetea haipunguzi ukweli. Inamdai mkosoaji kazi zaidi. Chukua kosa tunalolisikia kila siku hapa kwetu: "mwenye alikuja" badala ya "aliyekuja". Tuseme mtunzi chipukizi ameandika kipande hiki cha mizani minane kuhusu mama yake: "Ni mwenye alinilea." Mkosoaji wa kwanza anaandika: "Kiswahili gani hicho? Aibu!" Wa pili anaandika: "Hongera, kina cha mwisho hakikuyumba tangu ubeti wa kwanza. Kwenye kipande hiki, -enye hufuatwa na nomino, kama mwenye duka au mwenye huruma. Kitenzi huchukua kirejeshi. Ila ukiandika 'aliyenilea' peke yake utabaki na mizani sita. Waonaje 'Ndiye aliyenilea'? Mizani ni minane na kina kimebaki palepale."

Hebu hesabu silabi uone. Wa pili hakuficha kosa. Alilitaja, akalieleza, akaona tatizo ambalo marekebisho yake yangeleta, akalitatua. Sifa aliyoitoa ni ya kitu kinachoonekana kwenye shairi, wala haikuwa "kongole gwiji" ya kupitisha siku. Hata sarufi yake ina staha: "waonaje" inamwachia mtunzi uamuzi, kwa kuwa shairi ni lake. Huyu wa kwanza, kwa ukali wake wote, huenda hata hajui kirejeshi ni nini. Hatuna njia ya kujua, maana hakutuonyesha.

Adabu hii isigeuzwe pia kuwa kufuli la vijana. Kuna makundi ambamo mzee akisema neno fulani ni la ngeli fulani, mjadala umefungwa, na anayeleta Kamusi ya Kiswahili Sanifu anaambiwa hana heshima. Huko ni kuitumia heshima kama rungu. Kijana akisema, "Shikamoo mwalimu, nimeona kamusi inasema vingine, naomba tuangalie pamoja," amemheshimu mwalimu na amekiheshimu Kiswahili. Mwalimu naye anapojibu, "Marahaba, leta tuone," hajapungukiwa kitu.

Vilevile wanawake. Mwalimu wa kike akiweka shairi kuhusu mgogoro wa shamba, utashangaa majibu mangapi yanahusu picha yake: "Mrembo, umependeza." Anayeandika hivyo atakuambia alikuwa akimsifu. Shairi halikuguswa. Hakuna tofauti kubwa kati yake na aliyebandika emoji za kicheko. Wote wawili wamekataa kumsoma mtu aliyeomba kusomwa.

Wasimamizi wa makundi, wale tunaowaita maadmini, wana kazi hapa. Wengi wao huamka tu inapofika siasa za uchaguzi, kwa hofu ya sheria. Wasingoje sheria. Watangaze mambo machache yanayoeleweka: anayekosoa ataje mshororo na sababu, kosa la matamshi lielezwe faraghani, tena kama mwenyewe ameomba, utani wa watu wawili uende kwa watu wawili, shairi la mgeni lipate angalau msomaji mmoja wa kweli kabla ya jua kutua. Wapenzi wa salamu za redio wa enzi za kadi walikuwa na bahati moja tusiyo nayo: kadi ilichukua siku kadhaa kufika studioni, na hasira ilipoa njiani. Sisi kidole kinafika kabla ya akili. Hivyo itabidi tujiwekee subira wenyewe.

Kila Julai 7 tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani, na makundi ya Kitale na Bungoma hufurika mabango na pongezi. Nawasihi wanachama wayapitie majina ya walionyamaza tangu walipochekwa, wachague mmoja, wamwandikie faraghani: "Lile shairi lako ulilolifuta, bado unalo? Ningependa kulisoma."