Arudhi ya Mazabodi: Kompyuta Kuukuu Ikisomwa Kutoka Garsen

Mnamo Julai 1995 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo ya umbo jipya la mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, ikaliita ATX. Yalikuwa maelezo makavu: ubao uwe na milimita 305 kwa 244, matundu ya skrubu yakae mahali maalumu, soketi za nyuma zitokee kwenye uwazi wa milimita 158.75 kwa 44.45, umeme uingie kwa plagi moja. Leo, mtu wa Garsen ambaye kompyuta yake ya mezani imekataa kuwaka anavitegemea vipimo hivyo kuliko anavyotegemea kasi ya prosesa au jina lililobandikwa kwenye kasha. Uhakiki huu unalisoma umbo hilo kama tunavyosoma kazi nyingine yoyote yenye kanuni: kila kipande kina kazi gani, kanuni ipi inamfaa atakayekuja kutengeneza, na ni wapi watengenezaji wameivunja bila kumwarifu mtu.

Nimechagua kusomea Garsen kwa sababu huko umbo linapimwa kwa ukali kuliko mjini. Mji uko kwenye barabara ya Malindi kwenda Garissa, karibu na njia panda ya Lamu, na kompyuta ya mezani bado ina shughuli nyingi. Ndiyo inayojaza ripoti za kodi za iTax na maombi ya eCitizen kwenye saiba, inayochapa barua za ofisi na mitihani ya shule kuanzia Ngao hadi Hola. Nyingi ni mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK, na hufika zikiwa na umri tayari. Kisha hukutana na vumbi la kiangazi, unyevu wa delta ya Mto Tana na stima inayopanda na kushuka. Mazabodi ikifa, spea iko Malindi, zaidi ya kilomita 100, au Mombasa, au Nairobi kwenye maduka ya Luthuli. Muuzaji hutuma picha kwa WhatsApp, pesa huenda kwa M-Pesa, na kifurushi hupanda basi. Mafuriko ya Tana yakija, kama ya 1997 na ya mwishoni mwa 2023, hata hilo basi halina hakika ya kupita. Mnunuzi hawezi kuujaribu ubao kabla ya kuulipia. Hana budi kuusoma, na akisoma vibaya amepoteza nauli, pesa na siku za kazi.

Tuanze na plagi ya umeme, kwa sababu hapo ndipo busara ya umbo hili inapoonekana wazi zaidi. Kabla ya ATX, bodi za mtindo wa AT, uliotokana na kompyuta ya IBM ya 1984, zilipata umeme kwa plagi mbili zilizokaa sambamba, P8 na P9. Plagi hizo zilifanana, na fundi alipaswa kukumbuka kwamba nyaya nyeusi za kila moja zikutane katikati. Akizibadilisha, bodi ingeweza kuungua. Usalama wa mashine ulikuwa kichwani mwa mtu, na mtu huchoka. ATX iliziunganisha kuwa plagi moja ya pini 20, ambayo baadaye ikawa ya pini 24, yenye vitundu vya maumbo tofauti na kikamatio upande mmoja, kiasi kwamba haiingii kinyume. Kanuni imehama kutoka kwenye kumbukumbu ya fundi ikaingia kwenye plastiki yenyewe.

Plagi hiyo hiyo ina waya mmoja wa kijani. Ukiichomoa pawa saplai kutoka kwenye bodi na kuugusisha waya huo na waya mweusi, pawa saplai nzima inaamka na feni yake inazunguka. Fundi asiye na kifaa chochote cha bei anajua papo hapo kama pawa saplai imekufa kabisa, kabla hajailaumu bodi. Sijui sifa kubwa ya umbo kuliko hii ya kumruhusu mtu aliye mbali na duka kuanza kuugundua ugonjwa kwa kipande cha waya.

Kapasita nazo zina adabu ya namna hiyo. Mikebe midogo iliyosimama kando ya soketi ya prosesa imechanjwa alama kama msalaba juu ya kichwa. Dawa iliyo ndani ikiharibika, gesi hukisukuma kichwa na alama ile hupasuka kwa utaratibu badala ya mkebe kulipuka. Kati ya 1999 na 2007 hivi, bodi nyingi duniani ziliharibika kwa sababu ya kapasita mbovu, na dalili ilionekana kwa macho: vichwa vilivyovimba, ute wa kahawia miguuni. Ubavuni mwa kila mkebe pameandikwa uwezo wake na volti zake. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuweka nyingine ya vipimo hivyo, na bodi ikaishi bila safari yoyote. Kwa hiyo kabla ya kutafuta bodi mpya, tunapaswa kuisoma ya zamani mpaka mwisho.

Tukubali sasa kwamba imekufa. Jambo la kwanza la kutazama ni matundu ya skrubu. Mwishoni mwa 1997 ilikuja microATX, ubao wa mraba wenye milimita 244 kila upande. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ikaleta Mini-ITX ya milimita 170. Walioyatunga maumbo haya mapya hawakujifanya wa kwanza duniani. Matundu manne ya Mini-ITX yanaangukia mahali ambapo ATX ilikwisha kuweka yake, na uwazi wa nyuma ni ule ule. Ndiyo maana kasha la ATX lililotengenezwa miaka ya 1990 linaweza kupokea bodi iliyozaliwa juzi. Mdogo anaingia kwenye nyumba ya mkubwa bila kubomoa ukuta.

Umbo la namna hii si geni kwa watu wa Tana. Tana inapoingia baharini, Kipini na Ozi, ndiko masimulizi mengi yanakomweka shujaa Fumo Liyongo. Muhamadi Kijumwa alipoandika utendi wake wa Liyongo mwaka 1913, umbo alilikuta: ubeti wa vipande vinne, mizani minane kwa kila kipande, vina vya vitatu vya kwanza vikilingana na cha nne kikiibeba bahari ya utendi mzima. Kwa kuwa kanuni ni ya wote, muswada ukiliwa na mchwa, msomaji asiyemjua mtunzi hata kidogo anaweza kusema neno lililopotea lilikuwa na silabi ngapi na liliishia kwa sauti gani. Pengo lina kipimo. ATX imelipa shimo lililo ndani ya kasha kipimo cha aina hiyo, na hivyo kumpa mtu wa mbali haki ya kulijaza bila kumwomba ruhusa mtunzi wa kwanza.

Udhaifu uko kwenye soketi ya prosesa. Kwa upande wa Intel, soketi ya LGA775 ilitoka 2004, LGA1156 ikafuata 2009, LGA1155 mwaka 2011, LGA1150 mwaka 2013 na LGA1151 mwaka 2015. Tazama ya pili na ya tatu: miaka miwili baadaye imepungua pini moja, na prosesa za hii haziingii kwenye ile. Ajabu ni kwamba matundu ya kufungia feni yamebaki na nafasi ya milimita 75 kutoka LGA1156 hadi LGA1151. Mtengenezaji yule yule aliweza kuulinda upande mmoja wa umbo kwa miaka hiyo yote huku akiuvunja wa pili kila baada ya muda mfupi. Gharama ya uamuzi huo hailipwi na anayenunua mashine mpya. Inalipwa na anayetafuta bodi ya mashine kuukuu, kwa sababu akikosa soketi inayofaa atalazimika kununua bodi, prosesa na mara nyingi RAM kwa pamoja.

RAM angalau ni mkweli. DDR2 na DDR3 zote zina pini 240 na urefu mmoja, lakini volti zao si sawa, 1.8 kwa 1.5, na pengo dogo kwenye ukingo wa kijiti limesogezwa ili la aina moja lisikae kwenye sloti ya nyingine. Tofauti inajitangaza kabla ya madhara. Hapa picha ya simu inatosha, mradi msomaji ajue pa kutazama. Bodi zenye chipseti ya G41, kwa mfano, hukubali prosesa za LGA775, lakini ziko zenye sloti za DDR2 na ziko za DDR3. Bodi hizi, pamoja na za H61 zinazopokea LGA1155, zimeendelea kuundwa China miaka mingi baada ya Intel kuzipa kisogo, maana mashine zinazozihitaji bado ni nyingi na umbo lake linajulikana na kila kiwanda. Hiyo ndiyo faida ya kanuni iliyo hadharani: hata mwenyewe akiondoka, kazi inaendelea.

Anayenunua kwa picha aombe basi aonyeshwe maandishi yaliyochapwa juu ya ubao, ambayo kwa kawaida hukaa kati ya sloti au kando ya RAM: jina la modeli na toleo lake. Aombe picha ya soketi kwa karibu pia. Tangu LGA775, pini za prosesa nyingi za Intel ziko kwenye bodi, si kwenye prosesa. Ni nyembamba kama nywele, zimelala zote upande mmoja, na zikipigwa mwanga hung'aa kwa safu zilizonyooka. Safu ikivunjika mahali, pini imepinda. Bodi iliyosafirishwa bila kifuniko cha plastiki cha soketi inaweza kuondoka Mombasa nzima na kufika Garsen imeharibiwa na mtikisiko wa mizigo.

Nimeacha lililo zito kwa mwisho. Mashine nyingi zinazofika vijijini zilikuwa za ofisi, na watengenezaji wake wakubwa wameiacha kanuni mahali penye maana zaidi. Kuanzia 2013 hivi, Dell OptiPlex 9020 ilitumia plagi ya umeme ya pini 8, HP EliteDesk 800 G1 ya pini 6, na ThinkCentre kadhaa za Lenovo za pini 14. Mara nyingi matundu ya skrubu, feni na plagi ya kitufe cha kuwashia nayo yana mpangilio wa kampuni hiyo peke yake. Ukiweka bodi ya kawaida, pawa saplai haifai. Ukibadilisha pawa saplai, kitufe hakiungani. Ukiirudisha bodi ya aina ile ile bila feni yake ya asili, mashine husimama ikilalamika kuhusu feni mpaka ubonyeze F1. Mwenye mashine hana ila kutafuta pacha wake, na pacha hupatikana kwa bahati.

Tuwe waadilifu: kuna hoja ya kiufundi nyuma ya plagi hizo. Pawa saplai inayotoa volti 12 tu, bodi ikijitengenezea volti nyingine, inaweza kupoteza umeme kidogo mashine inapokuwa na kazi ndogo. Lakini mwaka 2020 Intel yenyewe ilileta ATX12VO, plagi ya pini 10 inayofuata wazo hilo hilo, na ikalichapisha ili kila mtu alitumie. Kubadilisha umbo, basi, si kosa. Hata BTX ya 2004, iliyogeuza mpangilio wa bodi ndani ya kasha kisha ikaachwa baada ya miaka michache, ilitangazwa wazi. Kosa ni kubadilisha na kuficha. Na kosa baya zaidi ni lile la mwishoni mwa miaka ya 1990, pale kompyuta kadhaa za Dell zilipotumia plagi iliyofanana kabisa na ya ATX huku nyaya zake zikiwa zimepangwa vingine. Plagi iliingia vizuri, kisha bodi au pawa saplai ikaungua. Umbo linalokataa linakusumbua. Umbo linalokubali kwa uongo linakudhulumu.

Kwa kipimo hiki, thamani ya kompyuta kwa mahali kama Garsen haiko kwenye kasi yake siku ya kwanza. Iko kwenye uwezekano wa kufunguliwa na mtu asiyeiunda, akaona pengo, akajua kipimo chake, akalijaza. Tableti zilizogawiwa shule za msingi nchini kuanzia 2016 hazina uwezekano huo: bodi ya ndani imekatwa kwa gamba moja tu, ikifa imekwenda na gamba lake. Shule, kaunti na wafadhili wanaoleta mashine Tana River wanapaswa kuuliza maswali matatu kabla ya kutia saini. Je, plagi ya umeme ni ya pini 24? Je, matundu ya bodi ni ya ATX au microATX? Je, kitufe cha mbele kinaungana kwa pini za kawaida? Majibu yakiwa ndiyo, mashine hiyo inaweza kufufuliwa hapo hapo Garsen, kwa spea za kampuni yoyote. Yakiwa hapana, wamenunua kitu ambacho mwenye kauli juu ya uhai wake hayuko Garsen, na hawana sababu ya kukilipia bei ya kompyuta kamili.